Nani Amebeba Moto?

Basi linaloondoka Moshi alfajiri kwenda Dar es Salaam husimama kwa chakula mara moja tu, aghalabu Mombo au Korogwe, na kondakta hutangaza dakika ishirini kwa sauti ya mtu anayejua kwamba zitakuwa kumi na tano. Abiria hushuka kwa mkupuo. Nusu wanakimbilia choo, nusu wanakimbilia foleni ya wali kuku, na aliyechelewa foleni moja huchelewa na ya pili. Chakula ni cha moto, hilo tukiri. Ni cha moto kiasi kwamba unapuliza kila tonge huku jicho moja liko mlangoni mwa basi. Honi ikilia, sahani inabaki nusu. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 500 huo ndio mlo. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wapo wanaofika Dar es Salaam wakiwa wamekula biskuti na soda tu.

Kwa hiyo sishangai ninapoona wenye magari yao, na madereva wa watalii hasa, wananunua majiko madogo ya umeme ya kupashia chakula garini. Mengine ni mkoba wa kitambaa wenye bamba la joto chini, mengine ni kisanduku cha plastiki chenye bakuli la chuma ndani. Waya wake huchomekwa kwenye lile tundu la kuwashia sigara, ambalo siku hizi wengi wetu tunalijua kwa kuchajia simu. Unaweka chakula ulichopika jana, unafunga mfuniko, unaendesha.

Ni jiko nyonge, na ni vizuri mnunuzi alijue hilo mapema. Birika la umeme la nyumbani hutumia wati 1,500 hadi 2,000. Jiko hili la garini hutumia kati ya 40 na 100 hivi. Kinacholizuia ni fyuzi. Katika gari dogo la volti 12, tundu lile kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180 basi. Ukidai zaidi, fyuzi itakatika kabla chakula hakijapata moto. Matokeo yake ni kwamba nusu kilo ya machalari, yaani ndizi zenye nyama, iliyotoka kwenye friji inahitaji saa moja na ushei. Ukiichomeka unapotoka Moshi, ukapita Himo, ukapita Mwanga, utakula Same. Malori mengi ni ya volti 24 na yanahitaji jiko lake. Ukizima injini ukaenda kuongea na watu, katika baadhi ya magari jiko linaendelea kunywa betri, na betri zetu nyingine ni za mtumba.

Kuna jambo la afya ambalo wauzaji hulipita haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida: kiwe baridi chini ya nyuzi 5 au kiwe moto juu ya nyuzi 60. Tambarare ya Same mchana haina cha nyuzi 5. Wali ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu una bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu ambayo kuipasha hakuiondoi. Anayeacha wali kwenye buti la gari tangu alfajiri, kisha akaupasha saa saba mchana, amejipashia ugonjwa. Chakula kiende kikiwa baridi kweli, na safari ya kutoka baridi kwenda moto iwe moja, bila kupiga kambi katikati.

Hata hivyo, sidhani kama watu hununua majiko haya kwa kuogopa bakteria. Kwetu, chakula cha moto ni dalili kwamba ulikuwa ukingojewa. Nenda Marangu, nenda Machame, nenda Rombo, fika nyumbani kwa watu saa nne usiku bila taarifa: mama atachochea moto. Kiporo kipo, tena kitamu, lakini ni cha wenye nyumba kesho asubuhi. Mgeni akipewa kiporo bila kupashwa atakila, atashukuru, na ukoo mzima utajua kabla ya Jumapili. Msafiri aliye katikati ya njia hana wa kumngojea. Ametoka kwa watu na hajafika kwa watu. Sahani ya moto katika hali hiyo inamrudishia kitu fulani. Ndiyo maana mtu mzima, mwenye akili zake, hulipa fedha nyingi kwa ajili ya mkoba unaochukua saa nzima kupasha ndizi.

Ila joto hilo halijawahi kuja bure, na hapo ndipo fikra zangu zimekwama kwa muda sasa. Tazama Desemba. Wachaga wanapanda kwenda nyumbani kwa ajili ya Krismasi, mabasi yamejaa, malori ya mizigo nayo yamejaa, na baada ya mwaka mpya wote wanashuka kwa pamoja. Hakuna anayeshuka mikono mitupu. Kuna mkungu wa ndizi, parachichi, magimbi, na nyama ya mbuzi aliyechinjwa, ambaye kila kiungo chake kilikuwa na mwenyewe kwa mila. Na kuna hotipoti ya njiani. Ili hotipoti hiyo iwe na joto hadi saa nne asubuhi, lazima chakula kiingie humo kikiwa kinachemka saa kumi na moja alfajiri, na ili kiwe kinachemka saa hiyo, mtu ameamka saa tisa. Kwa kawaida ni dada, au mke wa kaka, au binti wa kazi. Kuni zina umande, maji ya bomba yanauma vidole. Msafiri anaamshwa akiwa tayari amefungiwa. Anashukuru, anaondoka, anasinzia kwenye kiti. Dada hawezi kusinzia, kwa sababu ng'ombe anasubiri majani.

Jiko la garini linapika nini? Halipiki chochote. Lakini linaruhusu chakula kipikwe jana jioni, pamoja na cha wote, kipozwe na kuhifadhiwa, na dada alale hadi kupambazuke. Hiyo kwangu ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, na sijasikia muuzaji hata mmoja akiitangaza.

Kuhusu adabu ya kula ndani ya gari nitasema kwa ufupi, maana kila mtu anaijua. Ndizi zenye nyama zikianza kupata moto, gari zima linajua. Huwezi kufunua bakuli pembeni mwa mtu ukala kimya. Unasema karibu, naye anajibu asante, starehe, hata kama njaa inamkata. Katika basi desturi hii huokoa heshima ya pande zote mbili kwa sababu karanga na mayai ya kuchemsha hugawanyika. Mkoba wa umeme una bakuli moja la mtu mmoja, limepimwa kiwandani. Dereva wa mtalii niliyepanda naye kwenda Marangu alikuwa na suluhisho lake: hufunua bakuli akiwa peke yake, geti la hifadhi likishawapokea wageni wake. Mimi ningependa mkoba wenye mabakuli mawili. Sijauona.

Ukitaka kuona chakula cha moto cha safarini kikitolewa kwa mpangilio, kila siku, mvua inyeshe au theluji ianguke, panda mlimani.

Historia yenyewe ya kupanda Kilimanjaro ni historia ya chakula. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Aliporudi mwaka 1889 na Ludwig Purtscheller, alibadili mpango: aliweka kambi njiani, na wapagazi wakawa wanapandisha vyakula kutoka Marangu, ili wapandaji wakishindwa leo wasilazimike kushuka hadi chini kabla ya kujaribu tena. Kijana wa Pangani aitwaye Mwini Amani alibaki nao katika kambi ya juu, kwenye baridi ambayo hakuna mtu wa pwani aliyeizoea. Tarehe 6 Oktoba 1889 Wazungu wawili walifika kileleni. Vitabu vinakumbuka shoka la barafu. Mimi huwaza zaidi ile njia ya chakula, watu wakipanda na kushuka na vifurushi, pengine bila kuelezwa sawasawa ni kitu gani kinatafutwa kule juu.

Mpango ule haujabadilika sana. Mgeni mmoja leo huweza kupanda na wapagazi wawili, watatu au zaidi, na sehemu kubwa ya wanachobeba ni jiko na vinavyokwenda jikoni: mtungi wa gesi, hema la kupikia, sufuria, meza, viti, trei za mayai zinazokwenda kichwani kana kwamba ni kofia. Kuni ni marufuku hifadhini, kwa hiyo moto wenyewe hubebwa kutoka mjini. Getini mizigo hupimwa, na kiwango ni kilo 20. Asubuhi wapagazi hubaki nyuma kuosha vyombo na kukunja mahema. Saa mbili baadaye wanampita mgeni njiani, yeye akiambiwa pole pole na wao wakiambiwa haraka, na anapofika kambini anakuta hema limesimama, maji ya kunawa yana moto, chai na bisi ziko mezani.

Na si kazi rahisi kupika huko. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Moshi mjini hupungua kwa nyuzi tatu hivi. Kambi ya Horombo, mita 3,720, ni kama nyuzi 88. Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Uhuru kwa njia kadhaa, ni kama nyuzi 85. Maji yanatokota kwa fujo huku hayana moto wa kuivisha. Maharage yataendelea kugonga meno hata gesi iishe. Mpishi mwenye akili huyachemsha mjini, anayapandisha yakiwa yameiva, na kazi ya juu inabaki kupasha. Kwa maneno mengine, mgeni anayepongeza supu pale Barafu anapongeza jiko la mtu la Moshi, pamoja na shingo ya aliyelipandisha.

Huyo aliyelipandisha hula baadaye. Ugali, mboga, dagaa au nyama kidogo, wakiwa wamekusanyika katika hema la jikoni kwa sababu ndilo lenye joto. Katika makampuni mazuri chakula chao kimepangwa kama cha wageni. Katika mengine kimepangwa kwa kukadiria kitakachobaki. Mwaka 2003 ulianzishwa Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi kama KPAP, na mambo unayoyadai yanasikitisha kwa udogo wake: ujira ulipwe, mzigo upimwe kwa haki, watu wale vya kutosha, walale katika hema la kulalia. Kama mambo haya yangekuwa ya kawaida kusingekuwa na haja ya kuyaandika.

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, mahali pa kupumzikia katika njia ya Marangu, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, zilisema wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni, moto ukashika nyasi na vichaka vikavu vya jirani. Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Vuli haijaanza, na uoto wa juu ya msitu unawaka kwa cheche. Kwa siku nyingi watu wa Moshi waliona mstari mwekundu usiku juu ya mji. Mamia walipanda kuuzima, askari wa hifadhi, wanafunzi, wanavijiji, wengi wao wakiwa na matawi mabichi na mapanga tu mikononi. Kilomita za mraba zipatazo 95 ziliungua. Vichaka vya kule juu hukua taratibu, na vina kazi ya kunasa maji ya ukungu yanayolisha mito inayoshuka kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo, na kwenye mifereji ya mababu.

Nilisikia lawama nyingi wakati ule, na karibu zote zilikwenda kwa mpagazi. Mzembe, hakusoma, hajui thamani ya mlima. Sikusikia anayeuliza kwa nini ilikuwa lazima, katika siku kavu kama ile, chakula cha mchana kiwe cha moto katikati ya njia. Mpagazi hakuamka na hamu ya kuwasha jiko Whona. Chakula cha moto cha mchana ni kitu kinachouzwa. Kinamtofautisha anayelipa zaidi na anayekula kutoka kwenye boksi. Aliyekiuza yuko ofisini mjini, aliyekinunua yuko kwenye kiti cha kukunja akitazama mandhari, na kiberiti kiko mkononi mwa mtu wa tatu. Simtoi mpagazi hatiani. Anayewasha moto kwenye nyasi kavu ana wajibu wa kuulinda. Nasema tu kwamba hukumu iliishia kwenye mkono wa karibu zaidi.

Na dawa ilikuwapo. Chupa ya chai, ambayo Mskochi James Dewar aliibuni mwaka 1892 kwa matumizi ya maabara, huhifadhi supu ikiwa na moto kuanzia Mandara hadi Whona bila cheche hata moja. Ijazwe kambini asubuhi, jiko likiwa mahali pake. Mkate, yai, parachichi na kikombe cha supu: sijui ni mpandaji gani aliyewahi kushindwa kufika kileleni kwa sababu ya mchana kama huo.

Kuna wengine wa njiani ambao nimewaacha kwa makusudi hadi sasa, kwa sababu nawaona ndio waliolitatua jambo hili zamani: madereva wa malori. Pale Holili, mpakani na Taveta, malori yakisimama kungoja karatasi, utingo hufungua sanduku la chuma lililofungwa chini ya trela. Ndani kuna sufuria, unga, mafuta, chumvi, kitunguu, na mtungi mdogo wa gesi. Anapika ugali chini, kwenye kivuli cha trela lenyewe, injini ikiwa imezimwa. Dereva wa lori la nyuma anasogea na nyanya zake mbili. Wanakula kutoka sinia moja, na karibu inayosemwa hapo mtu huiitikia kwa kunawa mikono.

Sisemi kila kitu chao kiigwe. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya kabini usiku wa baridi, na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, imeua watu wengi waliolala karibu na mkaa wakiwa wamefunga madirisha. Hema la mlimani ni kabini tu ya kitambaa. Moto ukae nje, watu wakae ndani, na asiwepo wa kubishana kuhusu hilo. Lakini utaratibu wa malori una jambo ambalo mlimani limepotea: anayekula ndiye aliyebeba moto, au yule aliye upande wa pili wa sinia. Joto la chakula halijavuka tabaka lolote kumfikia.

Kwa kipimo hicho, jiko la umeme la garini linapita, japo kwa alama za wastani. Mwenye gari amebeba moto wake, hakumwamsha mtu saa tisa, hakuchoma kichaka. Likiharibika ataunguza fyuzi yake mwenyewe. Ubinafsi wa bakuli moja unarekebishika kwa kupika zaidi. Mama ntilie wa Korogwe, ninavyoona, hatafungiwa biashara na mikoba michache wakati mabasi bado yanamshushia watu wenye njaa na dakika kumi na tano. Mlimani ndiko kwenye deni.

Basi wewe unayepanga kupanda mwaka huu, au una mgeni kutoka nje anayekuuliza kampuni ipi ni nzuri, uliza mambo matatu kabla fedha haijatoka. Wapagazi watakula nini, na saa ngapi? Watalala katika hema gani? Chakula cha mchana kitapashwa wapi? Kisha waambie kwamba kuanzia Agosti hadi mvua za vuli utakula mchana wa boksi na chupa, bila kinyongo. Kampuni yenye majibu haitakasirika kuulizwa, na itakayokasirika imekujibu.